Marumaru: kwa nini fundi aache nafasi, na aache kiasi gani?

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo nyumba nyingi mpya sasa hazimalizwi kwa sakafu ya niru. Kuanzia Ngara mjini, Kabanga, Rulenge na Benaco hadi Nyakanazi, Lusahunga na Biharamulo mjini, mwenye nyumba akishapaua na kupiga lipu, swali linalofuata ni marumaru, au tailizi kama wengi tunavyoziita. Zinapendeza, zinafutika kirahisi, na vumbi letu jekundu halizami ndani yake kama linavyozama kwenye saruji.

Lakini marumaru ni mzigo mkubwa kwa mfuko wa mkulima. Nyingi tunazonunua zimetengenezwa katika viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu, na nyingine zinatoka nje ya nchi. Mpaka boksi lifike dukani Ngara, ndani ya bei yake kuna nauli ya lori na vipande vilivyovunjika njiani. Kwa hiyo mtu anayeuza kahawa, ndizi au ng'ombe ili aweke marumaru sebuleni hana fedha ya kuziweka mara mbili.

Hata hivyo, wapo wanaolazimika kuziweka mara mbili. Marumaru zinainuka katikati ya chumba kama paa la nyumba, au zinapasuka mchana wa jua kali kwa kishindo. Tangu tetemeko la ardhi la 10 Septemba 2016 lililoutikisa mkoa wa Kagera, kishindo chochote ndani ya nyumba kinaweza kumtia mtu hofu. Wengine husema ni tetemeko, wengine husema ni mkono wa jirani mwenye wivu. Mara nyingi chanzo ni kidogo kuliko hivyo, nacho ni nafasi ambazo fundi hakuziacha.

Makala hii inaeleza nafasi hizo ni zipi, zina kazi gani, ziwe na upana gani, na wewe mwenye nyumba unawezaje kuzikagua hata kama hujawahi kushika mwiko.

Nyumba haikai kimya

Anza na jambo unalolijua. Ukiwa ndani ya nyumba ya bati, jua linapopanda unasikia bati likilia "ta, ta, ta". Jioni baridi inaposhuka, linalia tena. Bati hurefuka likipata joto na hufupika likipoa, na mlio huo ni bati linaposogea juu ya misumari.

Marumaru nazo hufanya hivyo, ila kidogo sana. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, mita moja ya marumaru hurefuka kwa takriban milimita 0.007. Huwezi kuiona kwa macho. Lakini chukua baraza lenye urefu wa mita 10 linalopigwa na jua. Usiku wa Ngara ni wa baridi, na mchana marumaru ya rangi nyeusi inaungua mpaka mtoto hawezi kuikanyaga pekupeku. Tofauti ya nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Hesabu yake ni milimita 10,000 mara 0.007 kwa kila milimita 1,000, mara 30. Jibu ni milimita 2.1. Baraza zima linataka kurefuka kwa milimita mbili, na kila upande limekutana na ukuta au nguzo. Litakwenda wapi? Litakwenda juu.

Joto si sababu pekee. Marumaru ikitoka kwenye tanuri la kiwanda ni kavu kabisa. Kuanzia siku hiyo huvuta unyevu wa hewani polepole na kuvimba kidogo. Zile ngumu zisizonyonya maji huvimba kiasi kisichofaa hata kutajwa, lakini zile zinazonyonya zinaweza kufika zaidi ya nusu milimita kwa kila mita, na hazirudi nyuma. Wakati huohuo jamvi la zege lililo chini linafanya kinyume: linapokauka linasinyaa, na kusinyaa huko huendelea kwa miezi mingi.

Kwa hiyo juu kunavimba na chini kunasinyaa. Ndiyo maana marumaru zilizobanwa haziinuki wiki ya kwanza, fundi akiwa bado yupo jirani. Zinaweza kukaa mwaka mmoja, miwili au zaidi, kisha siku moja ya jua kali zikaachia. Wakati huo fundi ameshahamia Kahama, na namba yake haipatikani.

Nafasi ni za aina tatu

Watu wengi wakisikia neno nafasi hufikiria ule mstari kati ya marumaru na marumaru. Huo ni mmoja tu. Sakafu iliyowekwa vizuri ina nafasi za aina tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni nafasi kati ya kipande na kipande, ile inayojazwa grauti.

Ya pili ni nafasi kati ya marumaru za mwisho na ukuta, nguzo, ngazi au fremu ya mlango.

Ya tatu ni nafasi ya kupumulia, inayokatiza sakafu kubwa au ndefu na kuigawa katika sehemu ndogo.

Ya kwanza ndiyo inayobishaniwa sana kati ya mafundi na wenye nyumba. Lakini ukosefu wa ya pili na ya tatu ndio unaoinua sakafu nyingi.

Nafasi kati ya kipande na kipande

Wenye nyumba wengi humwambia fundi, "Zibane kabisa, sitaki kuona mstari." Wanaogopa uchafu kukaa kwenye mistari. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kuzibana kabisa ni kosa, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba marumaru hazilingani. Boksi likiandikwa 40 kwa 40, haina maana kwamba kila kipande kina sentimita 40 kamili. Katika tanuri udongo husinyaa, na kipande kimoja hakisinyai sawasawa na kingine. Tofauti inaweza kuwa nusu milimita, au milimita nzima kwa marumaru za bei nafuu. Ukizibana, tofauti hizo hujumlishwa mstari baada ya mstari, na ukifika upande wa pili wa chumba, pembe hazikutani tena. Nafasi inampa fundi mahali pa kuificha tofauti hiyo.

Sababu ya pili ni maji. Marumaru mbili zilizogusana bado zina ufa mwembamba katikati, na ufa huo hauwezi kujazwa grauti kwa sababu haiingii. Maji ya kudekia, ya kuogea au ya mvua inayopeperushwa barazani huingia humo na kukaa chini. Mstari wenye upana wa kutosha hujazwa grauti mpaka chini, na maji mengi huzuiliwa juu.

Sababu ya tatu ni kuvunjika kwa kingo. Marumaru zinazogusana zikisukumana hata kidogo, ukingo mmoja huumega mwingine. Grauti ni laini kuliko marumaru, na hupokea msukumo huo kwa niaba yake.

Sasa, upana uwe kiasi gani? Viwango vya ujenzi vya Uingereza, ambavyo mafundi wengi duniani huvifuata, vinasema nafasi isipungue milimita 2 kwa marumaru za ukutani ndani ya nyumba, na isipungue milimita 3 kwa sakafu. Wamarekani wana kanuni nyingine nzuri sana kwa mazingira yetu: nafasi iwe angalau mara tatu ya tofauti ya ukubwa kati ya vipande.

Kanuni hiyo unaweza kuitumia mwenyewe. Toa vipande 8 au 10 kutoka maboksi tofauti. Visimamishe kwa ukingo kwenye sakafu iliyonyooka, vikiwa vimeegemeana kama vitabu, kisha pitisha kidole juu yake. Utahisi kipi kimezidi. Pima kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote. Tofauti ikiwa milimita 1, acha nafasi ya milimita 3. Ikiwa milimita moja na nusu, acha milimita 5. Ikiwa zaidi ya hapo, mrudishie mwenye duka kabla hujafungua maboksi mengine.

Angalia pia maandishi ya ubavuni mwa boksi. Viwanda huandika namba ya toleo, namba ya rangi na mara nyingi namba ya ukubwa. Nunua maboksi yenye namba zinazofanana, na uongeze boksi moja au mawili ya akiba. Ukirudi dukani baada ya miezi sita kutafuta marumaru kama hizo, jina linaweza kuwa lilelile lakini rangi na ukubwa vimehama.

Huna kipimio? Tumia kadi

Nafasi inayolingana haipatikani kwa kukadiria na jicho. Kuna vipande vidogo vya plastiki vyenye umbo la msalaba, mafundi huviita spesa, vinavyouzwa kwa upana wa milimita 2, 3 na kuendelea. Spesa huwekwa kwenye kila pembe na hutolewa kabla ya kupaka grauti. Ukiziacha ndani zikiwa zimesimama, grauti iliyo juu yake huwa nyembamba na itabanduka.

Mafundi wengi vijijini hutumia njiti za kiberiti. Njiti ina karibu milimita 2, lakini hazilingani, na zikilowa huvimba. Kwa ukuta mdogo zinaweza kusaidia, mradi zitolewe. Kwa sakafu, spesa ni bora, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na boksi moja la marumaru.

Wewe unayekagua, njia rahisi ni kadi ya benki. Kadi laini isiyo na namba zilizovimba ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Kadi nne zikipangwa pamoja zinafikisha milimita 3, na tatu zinazidi kidogo milimita 2. Kama kadi nne haziingii kati ya marumaru za sakafu, mwulize fundi kwa nini.

Nafasi ya ukutani, ambayo wengi wanaisahau

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Fundi akifika ukutani hukata kipande kikae kimebana kabisa, au hujaza uwazi uliobaki kwa saruji, kisha anaweka skatingi juu yake. Kwa macho ni kazi safi. Kwa kweli amefunga mlango wa mwisho ambao sakafu ingetokea.

Marumaru za mwisho zisiguse ukuta. Acha milimita 6 hadi 10 kuzunguka chumba kizima, na pia kuzunguka nguzo na fremu za milango. Nafasi hiyo isijazwe saruji wala grauti. Iachwe wazi au iwekwe kipande cha sponji. Haitaonekana, kwa sababu skatingi itaifunika. Skatingi yenyewe ishikwe kwenye ukuta, isikae kwa uzito juu ya sakafu. Acha milimita 2 au 3 chini yake na uzijaze silikoni, ili mende na sisimizi wasifanye makao.

Bafuni, chooni na jikoni, pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta, na pembe ambapo ukuta unakutana na ukuta, zijazwe silikoni badala ya grauti. Grauti ikikauka ni ngumu kama saruji, na ukuta na sakafu vikisogea kidogo hupasuka. Ukiona bafuni kwako kuna ufa mwembamba unaofuata pembe yote ya chini, sababu ni hiyo, na maji yanapita hapo.

Nafasi ya kupumulia kwenye eneo kubwa

Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na nafasi ya ukutani. Lakini ukumbi wa kanisa au msikiti, korido ya zahanati, darasa, duka refu la barabarani Nyakanazi, au baraza linalozunguka nyumba vinahitaji zaidi.

Mapendekezo yanayofuatwa na wengi ni haya. Ndani ya nyumba, kila mita 6 hadi 7 na nusu, uwepo mstari mmoja unaokatiza sakafu kutoka ukuta mpaka ukuta, ambao haujazwi grauti bali silikoni au kitu kingine kinachonepa. Mahali panapopigwa na jua, kama baraza na ngazi za nje, mistari hiyo iwe karibu zaidi, kati ya mita 2 na nusu na mita 3 na nusu. Upana wa mstari nje uwe mkubwa kuliko wa ndani. Milimita 10 si nyingi.

Jambo hili si geni kwetu. Mafundi wa zamani waliomwaga terazo waliigawa sakafu kwa vipande vyembamba vya kioo au plastiki, na wengi walidhani ni urembo tu. Ukivuka daraja kubwa la zege kwa gari unasikia tairi zikigonga mstari wa kukatiza barabara. Reli za zamani nazo ziliachiwa mwanya kati ya pau na pau. Yote hiyo ni kuacha nafasi ya kupumua.

Kama jamvi lenyewe lina mstari wa kugawa zege, mstari huo lazima upande mpaka juu ya marumaru. Ukiupitisha chini ya kipande kizima, kipande hicho kitapasuka palepale.

Kupanga kabla ya kupaka saruji

Nafasi nzuri huanzia kwenye hesabu. Fundi makini hupanga safu moja kavu, bila saruji, kutoka ukuta mpaka ukuta, ili aone atamalizia na kipande gani.

Tuchukue mfano. Chumba kina upana wa sentimita 370, na marumaru ni za 40 kwa 40, nafasi milimita 3. Ondoa sentimita 1 kila upande kwa ajili ya nafasi ya ukutani, zinabaki 368. Kila marumaru pamoja na nafasi yake ni sentimita 40.3. Ukianza ukuta mmoja, utaweka marumaru 9 nzima, zitakula sentimita 362.7. Kipande cha mwisho kitakuwa cha sentimita 5.3. Kipande chembamba namna hiyo kinavunjika wakati wa kukata, kinaonekana vibaya, na kinafichua kila upindo wa ukuta.

Sasa weka marumaru 8 nzima katikati. Marumaru 8 na nafasi 9 zinakula sentimita 322.7. Zinabaki 45.3, ukigawa kwa mbili unapata kipande cha sentimita 22.6 kila upande. Chumba kinaonekana kimepimwa, na vipande havivunjiki.

Kuta zetu nyingi za tofali za kuchoma hazikukaa mraba kamili. Usianze kwa kufuata ukuta. Piga mistari miwili ya uzi inayokutana katikati ya chumba, kisha hakiki kwa kanuni ya 3, 4, 5: pima mita 3 kwenye uzi mmoja, mita 4 kwenye uzi wa pili, na kutoka alama moja hadi nyingine pawe mita 5 kamili. Kama si 5, pembe si mraba, sogeza uzi.

Ukutani usianze na safu ya chini kabisa, kwa sababu sakafu ya bafu ina mteremko. Pigilia ubao ulionyooka kwa pima maji, anzia safu ya pili juu ya ubao huo, na safu ya chini uikate baadaye. Bila ubao, safu ya kwanza ikipinda milimita 3, kila nafasi hadi juu itapinda.

Marumaru ndefu zinazofanana na mbao zina jambo lake. Mara nyingi zimepinda kidogo katikati. Ukizipishana nusu kwa nusu kama tofali, sehemu iliyovimba ya moja inakaa jirani na pembe iliyoshuka ya nyingine, na unajikwaa. Zipishane kwa theluthi moja tu.

Chini pakiwa pabovu, nafasi hazitaokoa

Nafasi sahihi haziwezi kuponya sakafu mbovu. Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa.

Kwanza, umri wa zege. Jamvi jipya limwagiliwe maji angalau siku 7, na likae wiki 4 kabla ya marumaru. Anayemwaga jamvi Jumatatu na kuweka marumaru Ijumaa anaziweka juu ya kitu ambacho bado kinasinyaa.

Pili, kifusi kilicho chini. Nyumba nyingi za kwetu ziko kwenye miteremko ya vilima, na upande mmoja wa msingi hujazwa udongo mwingi. Udongo huo ushindiliwe kwa tabaka ndogondogo, ukimwagiwa maji. Ukishuka baadaye, jamvi litapasuka na marumaru zitafuata.

Tatu, niru. Sakafu ya niru ni laini, na saruji mpya haishiki vizuri juu yake. Lazima igongwegongwe kwa tindo ipate makovu, ifagiliwe na kuloweshwa kabla ya kuweka marumaru.

Tena, saruji au gundi ienee chini ya marumaru yote. Kuna desturi ya kuweka madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati. Kati ya donge na donge kunabaki uvungu. Mguu wa kitanda au ndoo ya maji ikianguka hapo, marumaru inapasuka. Mwiko wenye meno ndio unaoeneza vizuri. Mara mojamoja inua kipande kilichowekwa sasa hivi ukitazame mgongo: sehemu za ndani kisipungue asilimia 80 ya mgongo kilichoshika, na bafuni au nje kikaribie mgongo wote.

Grauti: kiasi, rangi na muda

Grauti ni saruji laini iliyochanganywa na rangi na viungo vingine. Iliyo na mchanga mwembamba inafaa nafasi za milimita 3 na zaidi. Isiyo na mchanga inafaa nafasi nyembamba za ukutani. Saruji nyeupe peke yake hutumika sana, lakini kwenye nafasi pana hupasuka inapokauka.

Kujua kiasi si vigumu. Kwa marumaru za 40 kwa 40 zenye unene wa milimita 8 na nafasi ya milimita 3, unahitaji karibu kilo 0.2 kwa mita moja ya mraba. Chumba cha mita 5 kwa 4, yaani mita 20 za mraba, kitakula kilo 4 hivi. Nunua kilo 5. Kwa hiyo anayebana marumaru ili asinunue grauti anaokoa kilo chache na kuhatarisha sakafu nzima.

Kuhusu rangi, tufikirie udongo wetu. Grauti nyeupe sakafuni, mahali pa vumbi jekundu na matope ya masika, haitakaa nyeupe. Chagua ya kijivu au ya kahawia. Jikoni, utomvu wa ndizi huacha doa jeusi kwenye grauti ambalo halitoki kirahisi. Nyeupe iachwe ukutani.

Usipake grauti siku ileile. Subiri saa 24 marumaru zishike, ndipo toa spesa, safisha mistari, paka, na ufute kwa sponji yenye unyevu kidogo. Maji mengi wakati wa kufuta hufanya grauti iwe dhaifu na ibadilike rangi.

Zikishainuka, ufanyeje?

Usizigonge kuzirudisha chini, na usiweke jiwe juu yake. Zimeinuka kwa sababu hazina pa kukaa. Inua kwa uangalifu zote zilizoachia. Nyingi zitatoka nzima. Gonga zilizobaki kwa sarafu au mpini wa bisibisi. Zinazotoa sauti ya mtungi mtupu nazo zimeachia, hata kama bado zimelala.

Kisha toa skatingi uangalie ukutani. Kama marumaru zimegusa ukuta, fundi akate mwanya kuzunguka chumba kwa grainda, akivaa miwani na kitambaa puani, maana vumbi hilo linaumiza mapafu. Baada ya hapo safisha saruji ya zamani na uweke upya. Utaona vipande vilevile havienei tena mahali pake. Safu moja itabidi ikatwe kidogo, na hapo pawe mstari wa kupumulia wa silikoni.

Kabla hujamlipa fundi

Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi: upana wa nafasi, nafasi ya ukutani, na nani anagharamia kipande kikiachia ndani ya muda mtakaokubaliana. Bakiza sehemu ya malipo mpaka ukaguzi. Kufanya hivyo si kumdharau fundi, kwani fundi mzuri naye analindwa na karatasi hiyo dhidi ya mteja anayelalamika bila sababu.

Siku ya ukaguzi, fanya haya:

- Kagua nafasi ya ukutani kabla skatingi haijawekwa. Ikishawekwa, hutaiona tena.
- Pitisha kadi nne kwenye nafasi za sakafu, sehemu kadhaa, kabla ya grauti.
- Gonga kila marumaru kwa sarafu na uweke alama ya chaki zinazolia mtungi.
- Tazama mistari kutoka mlangoni ukiwa umechuchumaa. Macho huona upindo haraka kuliko futi.
- Mwaga kikombe cha maji bafuni na barazani. Yaelekee kwenye tundu au nje, yasisimame.

Fundi akikuambia kwamba nafasi ni mtindo wa kizamani, au kwamba wateja wa mjini wanataka zibanwe, mwonyeshe bati la nyumba yako saa sita mchana na umwombe asikilize linavyolia.